Shimo Lililolala

King'ora cha kiwanda kililia alfajiri, na Cité Albert, mtaa wa wafanyakazi huko Katanga, yote ikaamka, apendaye na asiyependa. Wanaume wakatoka kwenda kwenye reli na kwenye tanuri za shaba, wake zao wakapuliza makaa, na Mwajuma binti Amisi akaburuta miguu hadi nyuma ya nyumba, mti mrefu wa kukorogea begani, uso umemkunjamana. Ulikuwa mwaka 1947. Mwajuma alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kama kulikuwa na kazi aliyoichukia kuliko zote, basi ni ile iliyomngoja chini ya mifuniko mitatu ya mbao.

Baba yake, Amisi, alikuwa fundi wa ngozi, kama babu yake aliyetoka Kasongo, huko Maniema. Alitengeneza makubazi, mikanda, vifuko vya baiskeli na ngozi za ngoma. Nyuma ya nyumba alikuwa amechimba mashimo matatu. La kwanza lilikuwa la chokaa, ambamo ngozi mbichi zilinyonyoka nywele. La pili lilikuwa la maji mepesi ya magome ya miti. La tatu, lililokuwa mbali zaidi, pale ardhi inapoanza kuwa tope kuelekea kijitoni, lilikuwa la magome makali, na ngozi kubwa za ng'ombe zilikaa humo miezi mingi. Shimo hilo lilimpita mtu mzima kwa kimo, na maji yake yalifika mapajani.

Ukoo huo ulikuwa na sheria moja isiyo na mchezo. Kila siku, shimo lazima likorogwe kuanzia chini kabisa, mara mia, kisha liachwe wazi mpaka jua lipande. Hapo husemwa kwamba shimo limeamka. Likikaa siku tatu bila kukorogwa, husemwa kwamba limelala, na katika shimo lililolala hashuki mtu. Litaachwa wazi siku saba, litakorogwa kwa mti mrefu na mtu aliyesimama upande upepo unakotoka, kisha litamwagwa ndoo kwa ndoo. Amisi aliipokea sheria hiyo kwa baba yake. Ukimwuliza kwa nini, alikujibu kwamba ndivyo ilivyo, na akaendelea kukata ngozi yake.

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, alimwuliza binti yake swali lile lile.

"Shimo ya tatu ilisha kuamuka?"

"Ilisha kuamuka, Baba."

Kwa mwaka mzima jibu hilo lilikuwa la kweli. Kisha mvua zilianza, njia ya kwenda shimo la tatu ikawa utelezi mtupu, na Mwajuma akaanza kutega. Siku ya kwanza alikoroga mara hamsini badala ya mia. Siku ya tatu alikoroga mara kumi. Siku ya tano alisimama tu kwenye shimo la pili, akatazama mfuniko wa lile la tatu kwa mbali, na akarudi nyumbani na mti wake umelowa upande mmoja ili uonekane umefanya kazi.

"Ilisha kuamuka?" Amisi akauliza.

"Ilisha kuamuka, Baba."

Hakuna kilichotokea. Mbingu haikuanguka. Amisi alikunywa chai yake, na Mwajuma akawahi bombani, ambako wasichana wa mtaa walikuwa wakiruka kamba huku wakingoja zamu ya maji. Rafiki yake Mado alikuwa wa kwanza kumwona. Mado alikuwa binti wa Casimir, munganga, yaani mwuguzi wa hospitali, mtu wa kaskazini mwa Katanga aliyekaa nyumba tatu kutoka kwao.

"We Mwaju, siku hizi unamaliza kazi mbio sana," Mado alisema. "Baba yako alinunua mashini ya kukoroga?"

"Mikono yangu njo mashini," Mwajuma akajibu, akiinyoosha mikono kuonyesha kwamba mashine ndiyo hiyo, na wasichana wakacheka. Naye alicheka. Uongo ukishapita mara moja bila kuguswa, wa pili haukupi shida hata kidogo, na wa kumi huutoi tena kwa mdomo, unatoka wenyewe.

Siku kumi na tatu zilipita tangu alipoanza kutega. Siku ya kumi na nne dhamiri ilimsumbua, au pengine ni hofu tu, kwa maana alimsikia baba yake akizungumza juu ya kutoa ngozi mbili kubwa. Alikwenda kwenye shimo la tatu akaiinua pembe moja ya mfuniko. Harufu iliyomkabili haikuwa ile ya magome aliyoizoea. Ilikuwa ya mayai viza, kali mpaka macho yakamtoka machozi. Alivua bangili yake ya shaba, kama alivyofanya kila mara ili maji ya magome yasiichafue, akaitundika kwenye msumari uliokuwa upande wa ndani wa shimo. Aliingiza mti, akakoroga mara tatu au nne. Mapovu meusi yakapanda, kichwa kikamgonga. Akaufunga mfuniko na kukimbia, na bangili akaisahau palepale.

Kesho yake aliifuata. Alipoitoa kwenye msumari alidhani ameshika ya mtu mwingine. Shaba ile iliyokuwa nyekundu na kung'aa ilikuwa nyeusi ti.

Hapo moyo ulimdunda kweli. Bangili ile mama yake alipewa na mama yake mwenyewe, na siku aliyomvika Mwajuma alimwambia maneno ambayo katika nyumba yao yalisemwa tangu zamani. "Uiangalie muzuri. Shaba haipende uongo. Ku mukono ya muntu wa uongo, inageuka mweusi." Mwajuma alikuwa ameyacheka maneno hayo moyoni. Sasa hakucheka. Aliona kwamba amejulikana, na kwamba mtu yeyote atakayeiona bangili ile atasoma juu yake siku zote kumi na nne.

Angeweza kwenda kwa baba yake palepale. Angechapwa, au angefokewa mbele ya watu, na jambo lingeisha kabla ya chai kupoa. Badala yake aliisugua bangili kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikamwuma, na ilipokataa kutakata vizuri akaifunga kwenye kitambaa na kuificha chini ya sanduku la nguo. Mama yake alipouliza, alisema ameivua kwa sababu inambana. Uongo huo nao ukapita.

Ilikuwa siku ya ishirini, asubuhi ya Jumamosi, ambapo Amisi alisema ngozi mbili za chini zitolewe. Mdogo wake, Ramazani, alikuwa ameketi kizingitini akinoa kisu. Ramazani alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mshonaji ambaye hata mafundi wa mjini walikuja kumtazama akifanya kazi. Mshono wake ulikuwa mdogo na umenyooka mpaka wateja walidhani umefanywa na cherehani. Alikaa nyumba moja na kaka yake, na alimpenda Mwajuma kwa namna ya kumchokoza kutwa.

"Mwaju, sura gani ile? Ulikula ndimu?" alimwambia.

"Sina kitu, Baba mudogo."

Amisi alitoka na kikombe chake. "Shimo ya tatu ilisha kuamuka?"

Nataka msomaji alitazame jambo hili vizuri, kwa sababu Mwajuma mwenyewe alilitazama miaka mingi baadaye. Baba yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Baba yake mdogo alikuwa anamtazama kwa tabasamu. Neno "hapana" lilikuwa ulimini tayari. Lakini siku ishirini za uongo zilikuwa nyuma yake, na kusema hapana leo kulikuwa ni kukiri zote kwa mpigo mmoja. 

"Ilisha kuamuka, Baba."

"Muzuri. Ramazani, utoe zile mbili. Mi nitamaliza hii mukanda, nitakuya kukusaidia."

Ramazani alichukua mti wenye ndoana ya chuma, ule wa kuvutia ngozi, akashuka kuelekea kijitoni akipiga mluzi. Mwajuma alimfuata. Hakutumwa, miguu yake ndiyo iliyompeleka. Alisimama mbali kidogo, karibu na shimo la pili, na kumwona akiuondoa mfuniko.

"Aa, arufu gani hii?" Ramazani alisema, akageuza uso. "Kuku gani alikuya kutaga mayai humu?"

Aliingiza ndoana, akavuta, haikushika. Akajaribu tena. Ngozi zilikuwa zimezama ndani ya tope la chini. Basi aliegemeza mti wa ndoana pembeni, akashusha ngazi ya mbao, akakunja suruali na kuanza kuteremka. Mwajuma alifungua mdomo. Akaufunga tena.

Miguu ya Ramazani ilipokanyaga tope, mapovu makubwa yalipanda na kupasuka kwa sauti nzito. Alikohoa. Akapiga hatua nyingine, na mapovu mengine yakapanda. Kisha alisimama wima, akavuta pumzi, na kusema kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu, "Aya, arufu inaisha. Sasa ni muzuri."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema kwa ulimi wake mwepesi. Aliinama kushika ngozi, na hakuinuka. Alianguka kifudifudi juu ya ngazi, mkono mmoja umepita katikati ya vipande vyake, kichwa juu ya maji, na hakutikisika tena.

Mwajuma alipiga yowe. Amisi alitoka mbio kwenye kibanda chake cha kazi, akachungulia shimoni, akamwona mdogo wake amelala pale chini. Hakuuliza kitu. Alishika kichwa cha ngazi na kutia mguu ndani, na mguu wa pili ulikuwa unafuata.

Mwajuma alimrukia akamshika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Baba, usishuke. Shimo ililala."

"Uniache."

"Ililala, Baba. Siku makumi mbili. Nilikuwa nasema uongo. Bangili yangu ilikuwa mweusi mule ndani, nikaificha. Baba, ililala."

Amisi alisimama na mguu mmoja shimoni. Mdogo wake alikuwa chini yake, karibu kiasi kwamba hatua tatu za ngazi zingemfikisha. Kila kitu ndani yake kilimwambia ashuke. Lakini alikuwa amelisikia lile neno tangu akiwa mtoto, na alikuwa amesimuliwa juu ya watu wawili wa Kasongo, mmoja aliyeshuka na mwingine aliyemfuata kumwokoa, wakazikwa siku moja. Alitoa mguu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kamata kamba kwa Kapya," alimwambia Mwajuma bila kumtazama. "Kisha umwite munganga Casimir. Kimbia."

Kapya, jirani yao aliyefanya kazi kwenye reli, alikuja na kamba na mabega yake mapana. Walizunguka mpaka upande upepo unakotoka, wakalala kifudifudi, wakazuia pumzi, na Amisi akaushusha mti wa ndoana. Mara ya kwanza ndoana ilichana bega la Ramazani na damu ikatoka. Mara ya pili ilishika mkanda wake, mkanda alioushona mwenyewe. Walimvuta juu kama wanavyovuta ngozi iliyolowa, kwa maana hakukuwa na namna nyingine. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

Casimir alifika akiwa bado na sabuni ya kunyolea shavuni. Aliwaamuru wamsogeze Ramazani mbali na shimo, akamlaza kifudifudi, akapiga magoti juu yake na kuanza kumkandamiza mbavu kwa mikono miwili, akikandamiza na kuachia, akikandamiza na kuachia. "Muntu asikaribie ile shimo," alisema bila kusimama. "Mukae ku upande upepo inatokea." Mama yake Mwajuma alikuwa amekaa chini udongoni, kitambaa mdomoni. Muda ulikwenda, mrefu mno, na watu wengine walikwisha anza kutazamana. Kisha Ramazani akakohoa, akatapika maji meusi, na kuvuta pumzi moja yenye sauti mbaya. Walimbeba kwenye mkokoteni hadi hospitali.

Zilifuata siku ambazo Mwajuma hakupenda kuzikumbuka hata alipokuwa mtu mzima. Hakuchapwa. Angefurahi kuchapwa. Baba yake alipita karibu naye kama anavyopita karibu na kiti, akienda hospitali asubuhi na kurudi jioni, na alipoulizwa habari alijibu, "Anapumua." Mama yake alimpa chakula na kuondoka. Hakwenda bombani. Usiku na mchana aliifikiria ile bangili. Ilimjua, alijiambia, ilimhukumu, na hukumu ikamwangukia Baba mudogo ambaye hakuwa na kosa.

Siku ya kumi aliitoa chini ya sanduku, akaenda kwa Casimir, na kumwomba aitupe mbali, kwenye mto, mahali popote, kwa sababu shaba iliyogeuka kwa ajili ya mwongo haifai kukaa nyumbani. Casimir aliipokea. Aliigeuza-geuza, na hakusema alichofikiri. Alimwambia arudi kesho pamoja na baba yake.

Kesho yake waliketi uani kwa Casimir, Amisi kwenye kiti, Mwajuma chini, Mado mlangoni. Casimir alileta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, imefungwa kwa kizibo. Ndani yake kulikuwa na yai moja viza lililopasuliwa, na juu yake, ikining'inia kwa uzi, bangili. Alikuwa ameisugua jana mpaka ikawa nyekundu kabisa. Sasa ilikuwa nyeusi.

"Mwaju," alisema, "hii yai ilisema uongo gani?"

Mwajuma aliikodolea macho chupa.

"Mi nakuuliza. Yai ilidanganya nani?"

"Yai haiseme, Tata Casimir," alisema, akimwita baba kwa heshima.

"Njo vile. Na shaba haijue uongo. Shaba inajua kitu moja tu hapa, kibiriti."

"Kibiriti ya kuwasha moto?" Mado aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana. Zamani, mbele bantu baite vile ile njiti tunawashia moto, kibiriti ilikuwa jina ya jiwe moja ya manjano. Bazungu banaita soufre. Iko mu udongo, iko mu yai, iko mu kitunguu, iko mu nywele yako. Ukichoma nywele, ile arufu mbaya unasikia, kibiriti iko mule." Alimgeukia Amisi. "Ngozi ya ng'ombe na nywele yake iko nayo mingi. Ikiwa imefungwa mule ndani, haina matata."

"Na matata inatoka wapi?" Amisi aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi Mwajuma kumsikia akisema sentensi nzima.

"Inatoka ku tududu. Tudogo sana, jicho haione. Mu hospitali tunasema microbe. Tududu tumoja tunapenda hewa. Ukikoroga maji, hewa inashuka mpaka chini, na tule tududu tunafanya kazi muzuri. Ukiacha maji inakaa, hewa inaisha mule chini. Sasa tududu tungine tunaamuka, tule twenye hatutaki hewa kabisa. Tule tududu tunakula nywele na nyama ya kuoza, na tunaachilia kibiriti, inakuwa gaz, hewa ya sumu. Ile gaz ni nzito. Inakaa mule shimo, inangoja muntu avuruge tope."

Amisi alikuwa ameinama mbele. "Baba yangu alisema shimo inalala."

"Baba yako alijua. Hakujua jina ya tududu, lakini alijua kazi yao. Sikia kitu kingine. Ile gaz, mwanzo unasikia arufu. Ikiwa mingi, pua inakufa. Ramazani alisema arufu inaisha. Haikuisha. Ni pua yake njo iliisha."

Mwajuma aliisikia tena ile sauti ya nafuu ya baba yake mdogo, na akaanza kulia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na hakuna aliyemnyamazisha kwa muda.

Kisha Casimir akamwambia, kwa upole lakini bila kupunguza kitu, "Mwana, ungeonyesha ile bangili, hata bila kusema umekosa, tungejua kuko gaz mule. Hata ungesema tu, Baba, angalia, shaba imegeuka. Ulifikiri inakushitaki, ukaificha. Haikuwa nakushitaki. Ilikuwa nakuonya. Uongo yako ya kwanza ilikuwa juu ya uvivu. Ile ya kuficha bangili njo ilifunga macho ya bantu bote."

Shimo la tatu lilikaa wazi siku saba, likakorogwa kwa mti mrefu, likamwagwa ndoo kwa ndoo, na kazi hiyo Amisi na binti yake waliifanya pamoja, wamesimama upande mmoja wa upepo, bila maneno mengi. Casimir aliwaonyesha kutandaza tope lile, tabaka jembamba, juu ya ardhi kavu nyuma ya uzio, wakalichanganya na majivu, na kulipindua kwa jembe kila baada ya siku mbili. Aliwaambia kwamba katika hewa vile vijidudu vinavyopenda hewa vitarudi, na kibiriti kile kile kilichomlaza Ramazani watakigeuza kuwa chakula cha mimea. Mwajuma hakuamini. Lakini harufu ilipungua wiki baada ya wiki, udongo ukawa mweusi na mwepesi, na mama yake alipopanda vitunguu, viliota majani ya kijani iliyokolea. Mashimo yalijazwa maji mapya, na kazi ya ngozi ikaendelea. Upande huo wa mambo ulipona.

Ramazani alirudi nyumbani baada ya wiki tano. Alitembea mwenyewe kutoka kwenye mkokoteni hadi kizingitini, na majirani wakamshangilia. Kisha Amisi akampa sindano kubwa na kipande cha ngozi, labda kwa furaha, labda kwa kutaka kujua. Mikono ya Ramazani ilitetemeka mpaka sindano ikaanguka. Aliiokota, ikaanguka tena. Maneno yake yalikuwa yanatoka polepole, moja moja, na mengine yalipotea njiani. Casimir alisema kwamba kichwa kilikosa hewa kwa muda mrefu, na kwamba labda kitapata nafuu kidogo, labda hakitapata. Mshono ule ambao watu walitoka mjini kuutazama haukuonekana tena kwa mkono wake.

Jioni moja Mwajuma alikuwa akipepeta unga uani. Ramazani aliketi karibu naye kwenye kigoda.

"Mwaju," alisema. "Mi... nilianguka namna gani?"

Mwajuma aliacha kupepeta. Alimtazama baba yake, aliyekuwa akikata mkanda mbele ya kibanda. Alitumaini kwamba baba yake atalijibu swali hilo kwa niaba yake, au atasema tu kwamba ni ajali, kama walivyowaambia watu wa mtaani.

Amisi aliweka kisu chini. "Umwambie," alisema.

"Baba, Mama anaweza—"

"Hapana. We." Alikuja akachuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile alimshika bega. "Sikia, mwanangu. Mi sina hasira tena. Ile siku ulisema kweli, na juu ya ile kweli mi niko hai, ningeshuka nami ningekufa. Sitasahau. Lakini uliisema nyuma ya siku makumi mbili, na mudogo wangu alilipa zile siku zote. Kazi ukishindwa, useme umeshindwa. Ukikosa, useme umekosa, siku ile ile, hata utetemeke. Kumupiga mutoto kunaisha kesho. Hii hapa haitaisha. Basi umwambie, na kila mara atauliza, umwambie yote."

Mwajuma akaweka ungo chini, akamwambia. Alianza na mvua na utelezi, akafika kwenye mti uliolowa upande mmoja, akafika kwenye bangili na kitambaa. Sauti ilimkatika mara mbili. Ramazani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya kichwa cha Mwajuma. "Pole," alisema. "Ulikuwa... mutoto."

Wiki iliyofuata alikuwa amesahau. Alikaa kwenye kigoda kile kile na kumwuliza alianguka namna gani. Mwajuma akaacha kazi yake, akaketi, akamweleza. Mwezi uliofuata aliuliza tena, na mwaka uliofuata pia. Hakumpunguzia hata siku moja kati ya zile ishirini. Na kila alipofika mahali pa kusema, "Nilisema uongo, Baba mudogo," Ramazani alimtazama kwa maumivu ya mtu anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza.